Chombo cha kupambana na dopingi kikiwa mikononi mwa wizara ya michezo, mchezaji wa Lubumbashi anabaki na nani?

Mwalimu_wa_Katuba

Wandugu wa Lubumbashi, nanyi mnaotusoma kutoka Likasi, Kolwezi na Kipushi, jambo kwenu.

Hapa kwetu dopingi, yaani mchezaji kutumia dawa zilizokatazwa, inazungumzwa siku mchezaji anaposhikwa, wiki moja ya kelele, kisha kimya. Safari hii tusianze na mchezaji. Tuanze na wanaompima. Nani amewateua? Nani anawalipa? Na nani ana nguvu ya kuwapigia simu usiku na kusema "faili hilo lifungeni"?

Kwa wasiofuatilia: kila nchi inayotaka wachezaji wake wakubalike kwenye Olimpiki na mashindano ya dunia inapaswa kuwa na chombo cha taifa cha kupambana na dopingi, kile tunachokiita ONAD kwa Kifaransa. Nchi isipokiteua, kamati yake ya Olimpiki ndiyo inayobeba mzigo huo. Nchi zisizo na uwezo mkubwa zimekusanywa katika mashirika ya kanda ili zigawane gharama na wataalamu, na Kongo yetu iko katika Kanda ya IV ya Afrika pamoja na Kameruni, Gaboni, Chadi na majirani wengine. Juu yao wote liko shirika la dunia, AMA kwa Kifaransa, WADA kwa Kiingereza. Lilizaliwa Lausanne mwaka 1999, mwaka mmoja baada ya kashfa ya dawa ya timu ya baiskeli ya Festina kwenye Tour de France, na makao yake yako Montreal. Nusu ya fedha zake inatoka kwa wenye Olimpiki, nusu kwa serikali. Kanuni yake ya Dunia ilianza kutumika 2004, ikarekebishwa 2009, 2015 na 2021, na toleo jipya linaanza Januari 2027. Kwa kuwa serikali haiwezi kutia saini hati ya taasisi binafsi, UNESCO ikatengeneza mkataba wake mwaka 2005 ili serikali zijifunge kwa njia yao.

Sasa soma kifungu cha 20.5.1 cha Kanuni ya 2021. Kinasema chombo cha taifa lazima kiwe huru katika maamuzi yake ya kazi, huru mbele ya michezo na huru mbele ya serikali. Mtu anayeongoza shirikisho la kimataifa, au kamati ya Olimpiki, au idara ya serikali inayoshughulikia michezo, haruhusiwi kutia mkono katika maamuzi hayo. Maamuzi yenyewe ni nani apimwe, lini, wapi, sampuli iende maabara ipi, na matokeo yakitoka mabaya faili lifunguliwe au la.

Sababu iko wazi. Waziri wa michezo anapimwa na wananchi kwa vikombe na medali. Rais wa shirikisho anachaguliwa tena kwa vikombe na medali. Ukimpa mmoja wao funguo za chumba cha sampuli, umemwomba ajikate mkono mwenyewe. Anayevuna medali asiwe ndiye anayeshika chupa ya mkojo.

Mnajua yaliyotokea Urusi. Kwenye Olimpiki ya baridi ya Sochi, 2014, sampuli za wachezaji wao zilipitishwa usiku kwenye tundu la ukuta wa maabara, chupa zikafunguliwa kwa ufundi wa watu wa usalama, mkojo mchafu ukamwagwa na ule safi uliotunzwa miezi kadhaa ukawekwa. Mkuu wa maabara, Grigory Rodchenkov, ndiye aliyeeleza, na taarifa ya 2016 ya Richard McLaren, mchunguzi aliyepewa kazi na WADA, ikaandika jinsi wizara ya michezo ilivyokuwa ikiamua nani alindwe. Chombo cha taifa, RUSADA, kilikuwepo. Kilikuwa na ofisi, mihuri na wafanyakazi.

Nami nasema hivi: chombo kisicho huru ni hatari kuliko kukosa chombo. Kinamkamata mdogo asiye na mtu, kinamfunika mkubwa, na wote wawili wanapewa karatasi yenye muhuri uleule. Hapa Lubumbashi mdogo huyo ni bondia wa komini Kenya, mkimbiaji wa Ruashi, kijana anayeanza mpira kwenye uwanja wa vumbi. Ndiyo maana naleta uzi huu hapa, Kinshasa wana watu wa kuwasemea.

Kocha_wa_Boxe

Mwalimu, jambo. Mi niko kocha ya boxe mu komini Kenya, batoto banaanzaka na miaka kumi na mbili. Hii mambo ya Lausanne na Montreal ni ya bakubwa. Kwetu, siku ya kupima kilo, mutoto anakuyaka na kilo mbili ya zaidi. Anatafuta kidonge ya kukojolesha, juu alisikia mukubwa wake alifanya vile na alishinda. Hakuna mutu alishafika ku salle ya mazoezi kumwambia kama ile ni marufuku. Njo nauliza: bakimukamata, makosa ni ya nani? Yake, ao yetu, ao ya bale habakumufundisha?

Mwalimu_wa_Katuba

Kocha, hilo ndilo swali la kwanza.

Kwa mujibu wa Kanuni, kosa ni la mchezaji. Kifungu cha 2.1 kinasema kila mchezaji anawajibika kwa kitu chochote kinachokutwa mwilini mwake, awe alijua au hakujua. Nia yake inaangaliwa baadaye, wakati wa kupanga adhabu. Kwa mtu mzima, dawa nzito iliyotumiwa kwa makusudi ni miaka minne nje, na kukataa kupimwa nako ni miaka minne.

Lakini mtoto ana mlango wake. Tangu 2021 mchezaji aliye chini ya miaka 16 anaitwa "mtu anayelindwa". Akionyesha kwamba kosa lake si kubwa, adhabu yaweza kuanzia onyo tu, isizidi miaka miwili, na jina lake halilazimiki kutangazwa. Na kuna jambo ambalo makocha wengi hawalijui: mtoto wa namna hiyo akikutwa na dopingi, chombo cha taifa kinalazimika kuwachunguza watu wanaomzunguka, kocha, daktari, mzazi, bila kungoja mtu ashitaki. Chombo kinachomfungia mtoto na kumwacha mtu mzima aliyempa kidonge kimevunja Kanuni.

Kuhusu kufundishwa, una haki kabisa. Kuna Kiwango cha Kimataifa cha Elimu, kilianza Januari 2021, na msingi wake ni kwamba mchezaji akutane na habari ya dopingi kwanza kwa kufundishwa, ndipo baadaye kwa kupimwa. Chombo kinachotuma wapimaji mahali ambako hakijatuma mwalimu kimeanza kazi kwa mkia.

Mama_Famasi_Kampemba

Niruhusuni niingie hapa, maana dawa hizi napitisha mikononi mwangu kila siku.

Kocha, hicho kidonge cha kukojolesha mara nyingi ni furosemidi. Ni marufuku wakati wote, mashindanoni na nje ya mashindano. Haiongezi nguvu, lakini inatoa maji mwilini haraka na inaweza kuficha dawa nyingine kwenye mkojo. Na kwa bondia ni hatari hata kama hakuna anayepima: anapanda ulingoni amekauka, potasiamu imeshuka, moyo unaweza kukosa mpigo. Waambie wazazi hivyo. Wengine hawaogopi adhabu lakini wanaogopa moyo.

Mnamkumbuka André Onana, kipa wa Kameruni, alipokuwa Ajax? Ilikuwa furosemidi hiyohiyo. Alieleza kwamba alichukua kidonge cha mke wake akidhani ni chake. UEFA walikubali kwamba hakuwa na nia ya kudanganya, na bado walimfungia miezi 12 mwaka 2021, kisha mahakama ya michezo ya Lausanne ikapunguza hadi 9. Huyo alikuwa na klabu kubwa, mawakili, madaktari. Weka kijana wetu wa ligi ya mkoa mahali pake.

Sasa yale ya hapa mjini. Deksametazoni, "dexa", inauzwa kama pipi. Wasichana wanaimeza pamoja na siproheptadini ili wanenepe, kama ilivyo Kinshasa. Mchezaji mwanamke anayeimeza kwa ajili ya umbo hajui kwamba dexa iko katika kundi la glukokotikoidi, dawa za kupunguza uvimbe, na kwamba kuimeza karibu na siku ya mchezo ni kosa. Sindano pia: tangu Januari 2022 sindano zote za kundi hilo ni marufuku wakati wa mashindano, hata ile ya goti ambayo daktari wa timu alikuwa akichoma bila wasiwasi. Tramadoli, ambayo vijana wa migodini na wapiga debe wameizoea, imepigwa marufuku wakati wa mashindano tangu Januari 2024. Sirapu za kikohozi zenye efedrini zina kipimo: ikizidi mikrogramu 10 kwa mililita ya mkojo, umeshikwa.

Kinini si marufuku. Dawa ya malaria yenye artemeta na lumefantrini si marufuku. Parasetamoli si marufuku. Nasema kwa sababu nimeona mchezaji akikataa kutibiwa malaria kabla ya mechi kwa kuogopa kupimwa, naye alikuwa anatetemeka kwa homa.

Na mgonjwa anayehitaji dawa iliyo kwenye orodha ya marufuku ana njia ya halali: kibali cha matibabu, AUT. Daktari anajaza fomu, anaweka ushahidi wa ugonjwa, madaktari wa kamati wanaamua. Mwenye pumu anayevuta salbutamoli kwa pampu hahitaji fomu hiyo akibaki ndani ya mikrogramu 1,600 kwa saa 24, bila kuivuta yote kwa mkupuo. Kinachonikera ni kwamba katika wateja wangu wote wanaocheza, sijapata aliyewahi kuisikia AUT.

Cheminot_wa_Lupopo

Mama Famasi, asante, nimeandika yote pembeni.

Mwalimu, nakuheshimu, lakini nataka kukupinga. Unasema uhuru, uhuru. Uhuru unalipwa na nani? Kupima mkojo ni ghali. Vifaa vinatoka Ulaya, sampuli inasafirishwa kwa ndege, maabara inadai. Kama serikali haitoi, chombo kitakufa. Na kama serikali inatoa, basi mwenye pesa ndiye mwenye sauti, ndivyo dunia ilivyo. Unataka serikali ilipe na inyamaze?

Tena hao wa Montreal wanaotufundisha, wao wako safi? Waogeleaji 23 wa Uchina walikutwa na trimetazidini, dawa ya moyo iliyo marufuku, mwaka 2021 kabla ya Olimpiki ya Tokyo, chombo chao kikasema ni uchafu wa jikoni hotelini, WADA wakakubali, na dunia ikaja kujua kwa magazeti mwaka 2024. Sasa sisi wa Kamalondo ndio tuambiwe habari za uwazi?

Mwalimu_wa_Katuba

Mzee wa Lupopo, umepiga pale panapouma, na nashukuru.

Kwanza Uchina. Mwendesha mashtaka wa Uswisi aliyepewa kazi ya kupitia jambo lile alisema hakuona upendeleo wa WADA kwa Uchina. Wengi hawakuridhika, na Marekani ilizuia mchango wake wa dola milioni 3.6 wa mwaka 2024. Mimi sioni kwamba hili linaua hoja yangu. Linaonyesha kwamba maamuzi yakifanywa chumbani, hata yakiwa sahihi, hakuna atakayeyaamini. Na ukitaka mfano mbaya zaidi kutoka juu, uko karibu nasi: Lamine Diack wa Senegali aliongoza riadha ya dunia toka 1999 hadi 2015, na Septemba 2020 mahakama ya Paris ikamtia hatiani kwa rushwa iliyoficha kesi za Warusi. Mkimbiaji wa marathoni Liliya Shobukhova alikuwa amelipa karibu euro 450,000 ili jina lake lifunikwe. Rais wa shirikisho alikuwa karibu mno na mafaili, na mafaili yakawa biashara. Riadha ikajifunza: mwaka 2017 ikaunda AIU, kitengo cha Monaco chenye bodi yake, ambacho rais wa shirikisho hana mlango wa kukiingilia.

Sasa pesa. Serikali kulipa si kosa, Kanuni haikatazi. Tofauti iko katika namna ya kulipa. Kama mkurugenzi wa chombo lazima aende wizarani kuomba pesa kila anapotaka kupima timu, basi wizara inajua timu ipi itapimwa kabla timu yenyewe haijajua. Hapo upimaji wa kushtukiza umekufa. Lakini bajeti ikipitishwa bungeni kwa mstari wake, kwa miaka kadhaa, ikawekwa kwenye akaunti ya chombo na kukaguliwa mwisho wa mwaka na wakaguzi wa hesabu za serikali, waziri atauliza pesa zimetumikaje, hataweza kuuliza nani anafuata.

Tazama Kenya, nchi hiyo, si komini ya kocha wetu. Mei 2016 ilitangazwa kuwa haitimizi Kanuni kwa sababu ya sheria yake mpya, miezi mitatu kabla ya Olimpiki ya Rio. Sheria ikarekebishwa haraka na chombo chao, ADAK, kikasimama. Lakini pesa zilibaki kidogo kuliko ukubwa wa tatizo. Mwishoni mwa 2022 riadha yao ilikaribia kufungiwa yote, ndipo serikali ikaahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano. Upimaji ukaongezeka na majina makubwa yakaanza kuanguka. Ruth Chepngetich, mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10, pale Chicago 2024, alifungiwa miaka mitatu Oktoba 2025. Wakenya waliumia. Mimi nami niliumia, nilikuwa nikiwaonyesha wanafunzi wangu mbio zile. Lakini kesi hiyo ilifunguliwa na AIU, kitengo ambacho hakuna serikali inayoweza kukipigia simu, na hilo lina maana yake.

Ukitaka kipimo cha uhuru, uliza: chombo hiki kinaweza kumgusa shujaa wa taifa? Cha Marekani, USADA, kilimgusa Lance Armstrong mwaka 2012. Mtu aliyeshinda Tour de France mara saba, tajiri, rafiki wa wanasiasa, aliyepimwa mara nyingi bila kushikwa. USADA walikusanya ushahidi wa watu 26, wakiwemo waendesha baiskeli 15, na ushindi wake wote saba ukafutwa. Serikali ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya fedha za USADA. Kwa hiyo inawezekana, mzee wangu.

Afisa_wa_Zamani

Nimekaa miaka mingi katika uongozi wa mchezo mmoja hapa mkoani, sitautaja. Nawasoma na nataka kusema jambo ambalo Mwalimu hakuligusa.

Tatizo letu kubwa kuliko ubaya wa watu ni uchache wa watu. Daktari anayeelewa michezo ni yuleyule. Anakaa kwenye shirikisho, anaitwa na kamati ya Olimpiki, anasafiri na timu, na ikija semina ya dopingi ndiye anayetumwa kwa sababu hakuna mwingine anayejua msamiati. Hajaiba chochote. Lakini Jumamosi ni daktari wa timu, Jumatatu ni msimamizi wa upimaji wa timu hiyohiyo. Ukimwambia ajiuzulu upande mmoja, upande huo unafungwa.

Sheria ya michezo tunayo, namba 11/023 ya tarehe 24 Desemba 2011. Kanuni ya Dunia tunayo. Uhaba wa karatasi siuoni.

Mwalimu_wa_Katuba

Afisa, umenisaidia sana. Huyo daktari nisingemtupa. Ningempa kazi ya kufundisha, maana hakuna anayeijua kama yeye, na ningemwondoa kwenye chumba cha maamuzi. Afundishe wapimaji wapya kumi hapa Lubumbashi kutoka nje ya michezo kabisa: wauguzi wa hospitali ya Sendwe, wahitimu wa chuo kikuu chetu, UNILU, walimu waliostaafu. Mpimaji hahitaji kuwa mtu wa michezo. Anahitaji kuwa mwaminifu, mwenye mikono safi na anayejua kujaza fomu bila kosa.

Na jopo la kusikiliza kesi liwe watu wengine tena. Aliyefungua faili asikae kuhukumu. Hakimu mmoja, daktari mmoja, mchezaji wa zamani mmoja, kwa muda maalumu, na wasiweze kufukuzwa katikati kwa sababu uamuzi haukumpendeza mtu. Urusi wametuonyesha na hili. Baada ya kashfa walileta mkurugenzi mpya, Yury Ganus, mtu mkweli, aliyesema hadharani kwamba data za maabara ya Moscow zimechezewa. Agosti 2020 akaondolewa. Na waliokuwa na mamlaka ya kumwondoa ni waanzilishi wa RUSADA, yaani kamati ya Olimpiki ya Urusi na ile ya Paralimpiki. Tundu la ukutani lilizibwa, barua ya kufukuza ikabaki.

Dada_wa_800m

Shikamooni wote. Mimi ni mkimbiaji, nakimbia mita 800, sasa nafundisha wadogo.

Niliwahi kupimwa nje ya nchi. Hakuna aliyeniambia kabla kwamba mwanamke mgeni ataingia nami chooni na kuangalia mkojo unavyotoka mwilini, nguo zikiwa zimepandishwa hadi kifuani. Nililia. Nilidhani nadhalilishwa. Baadaye ndipo nikajua kwamba hiyo ndiyo sheria, kwa wote, na kwamba shahidi lazima awe wa jinsia yangu. Kama ningelijua nyumbani, ningelikwenda kwa amani.

Kwa hiyo naandika hapa kwa ajili ya wadogo zangu. Akija mpimaji, ana haki ya kukutaka, nawe una haki ya kuona kitambulisho chake. Tangu hapo mtu anakufuata na hutoki machoni pake. Unaweza kuomba kupokea medali kwanza, au kutibiwa jeraha. Una haki ya kuwa na mtu wako, na mkalimani akipatikana, basi dai Kiswahili bila aibu. Unachagua kikasha mwenyewe kati ya vingi, unakagua kama kimefungwa. Mkojo usipungue mililita 90: angalau 60 chupa A, angalau 30 chupa B. Wewe mwenyewe unamimina na kufunga, mpimaji haruhusiwi kugusa usipomwomba. Wanapima kama mkojo si mwepesi mno, ukinywa maji ndoo nzima utakaa hapo hadi usiku. Kwenye fomu andika kila dawa uliyomeza siku saba zilizopita, hata ya kichwa, na usipokubaliana na jambo, andika hapohapo kabla ya kutia saini. Chupa A ikitoka vibaya, unaweza kudai B ifunguliwe nawe ukiwepo au mtu wako. Sampuli inaweza kutunzwa miaka 10 na kupimwa tena.

Mwalimu, kuna jambo la "mahali ulipo". Wakubwa walio kwenye orodha maalumu wanatoa kila siku saa moja na anwani watakapopatikana, na wakikosekana mara tatu ndani ya miezi 12 ni kosa, ndivyo Wilson Kipsang, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, alivyofungiwa mwaka 2020, na ikawa miaka minne kwa kuwa alitoa pia ushahidi wa uongo, bila dawa yoyote kukutwa mwilini. Sasa kwetu, SNEL wakikata umeme siku mbili, simu imezima, mtandao hakuna, unabadilishaje anwani ukihama ghafla kwenda msibani Kasenga? Aliyetunga hili aliwaza mji wenye umeme.

Cheminot_wa_Lupopo

Dada, Mungu akubariki. Hiyo orodha yako ibandikwe kwenye kila chumba cha kubadilishia nguo.

Mwalimu_wa_Katuba

Dada yangu, kilio chako cha chooni ni kosa la chombo, si lako. Kuhusu umeme: unaweza kumpa mtu mwingine, klabu au meneja, akujazie, ingawa lawama inabaki kwako, na mabadiliko ya ghafla hupokelewa hata kwa ujumbe mfupi wa simu. Lakini kuna upande ambao chombo chenyewe ndicho kinapaswa kuamua. Ni chombo cha taifa kinachochagua nani wa ndani aingie kwenye orodha hiyo. Kikiwa na watu wanaoijua Lubumbashi, kitaweka wachache wanaohitaji, kitawapa simu na mafunzo, na wengine kitawapima mazoezini bila mzigo huo. Kikiwa na watu waliokaa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, kitanakili fomu ya Ulaya.

Hapo ndipo uongozi unapogusa ngozi ya mchezaji. Katika bodi ya chombo hiki nani anatoka mikoani? Nani amewahi kupimwa? Kama mimi ningekuwa na kauli, kiti kimoja kingekuwa cha mchezaji aliyechaguliwa na wachezaji, na kingine cha mfamasia.

Na ripoti itoke kila mwaka hadharani: vipimo vingapi, michezo gani, mikoa gani, kesi ngapi na ziliishaje, pesa kiasi gani. Bila majina ya ambao hawajahukumiwa. Mwananchi akisoma kwamba mkoa fulani haujapimwa hata mara moja, atajua la kuuliza.

Mama_Famasi_Kampemba

Niongeze moja kuhusu wanaotoa taarifa. Jirani yangu wa kazi aliona mtu akileta vichupa visivyo na lebo kwenye ukumbi wa mazoezi. Akaniuliza, "Nikisema, nani atanilinda?" Tangu 2021 kumtisha au kumlipizia kisasi mtu aliyetoa taarifa ni kosa la dopingi lenyewe, la kumi na moja katika orodha. Lakini taarifa hiyo inapelekwa wapi? Kama simu ya kutoa taarifa inapokelewa ofisini kwa shirikisho, mleta vichupa atajua kabla ya jioni. WADA wana njia yao ya siri kwenye intaneti, na chombo cha taifa lazima kiwe na yake, ikipokelewa na mtu ambaye hali chakula na viongozi wa timu.

Vijana wa vyuma, nawaomba: kichupa bila lebo, unga bila lebo, usiingize mwilini. Na dawa za miti za kuongeza nguvu pia, msiseme ni za mababu basi hazina shida. Hakuna anayejua kilicho ndani mpaka maabara iseme.

Kocha_wa_Boxe

Nimesoma yote, nimesomea na batoto ku salle, banasikia muzuri. Mama Famasi, niko na mutoto moja, ana miaka kumi na tano, ana pumu. Anakuyaka na pampu na tena na vidonge vya rangi ya pinki, mama yake alinunua sokoni bila karatasi. Mwezi kesho kuko mashindano ya mukoa. Nifanye namna gani?

Mama_Famasi_Kampemba

Kocha, pampu asiiache hata siku moja. Vidonge asivikate mwenyewe ghafla mpaka nivione, vinaweza kuwa predinisoloni, ya kundi lile la dexa, nayo ikiwa hivyo haikatwi ghafla kama ameimeza muda mrefu, kwa hiyo mlete kesho, usingoje Jumatatu. Aje na mama yake, na pampu, na vidonge vyote, hata vilivyobaki nusu. Tukihitaji AUT nitawaandikia jina la fomu, na daktari anayemtibu ataijaza. Duka liko wazi mpaka saa kumi na mbili jioni.

Mwalimu_wa_Katuba

Nami nitakuja, Kocha. Nitaleta orodha ya dawa za marufuku ya mwaka huu iliyochapishwa, maana hubadilika kila tarehe 1 Januari na ile iliyobandikwa kwenye salle yenu nadhani ni ya zamani.